Yule Tuliyembakisha

Wiki aliyofariki Koko, Mama alinituma chumbani kwake nitafute kitenge cha kumvisha. Kwenye droo ya chini, ndani ya kopo la biskuti alimokuwa akiweka nyuzi na sindano, nilikuta kile kidude cheupe cha kubana kidole, cha kupimia hewa mwilini. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha uzi mwekundu, kama alivyofunga kila kitu alichotaka kisipotee. Nilikifungua nikakibana kidoleni. Betri ilikuwa imekwisha zamani na kioo kilibaki cheusi. Nikaketi kitandani kwake nikalia kwa namna ambayo sikulia hata siku tuliyompoteza. Sikumlilia Koko peke yake. Nilimlilia Mjomba Bahati, ambaye hakuletewa kidude kama kile, na hakuletewa kwa sababu yangu.

Ninyi mliokuwa watoto wakati wa korona mnakumbuka yenu. Mnakumbuka bembea za bustani zilizofungwa utepe, walimu walioganda kwenye skrini midomo wazi, na helikopta za polisi zilizozunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi na si juu ya mitaa ya matajiri wa ufukweni. Mimi nakumbuka baridi ya nyumba yetu ya kupanga kule Mount Druitt, Australia. Kuta zilikuwa nyembamba, na ukipiga chafya sebuleni jirani alikutakia afya. Tulikuwa wanne ndani yake. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, alitulea. Mdogo wangu Elia ndiyo kwanza alikuwa ameachana na nepi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijiona ndiye mkuu wa nyumba, kwa sababu barua zote za serikali nilizisoma mimi.

Mjomba Bahati alikuwa mdogo wake Mama, kitindamimba wa Koko. Alipanga chumba kidogo nyuma ya nyumba ya watu huko St Marys, akifanya kazi ya kupanga makatoni kwenye ghala. Alitembea kwa baiskeli kwa sababu mtihani wa leseni ya kujifunza gari, ule wa maswali kwenye kompyuta, ulikuwa umemwangusha mara mbili. Mwalimu wake nilikuwa mimi. Nilimsomea maswali kwa Kiingereza, yeye akajibu kwa Kiswahili cha kwao Uvira, nami nikamsahihisha kwa ukali ambao leo unanipa aibu. Aliniita Madame Directrice, jina la mwalimu mkuu aliyemchapa sana utotoni. Ahadi yake ilikuwa kwamba siku akinunua gari nitakaa mbele, na Mama na Koko watakaa nyuma kama abiria wa kawaida. Nilimpenda kuliko watu wote duniani, na nikisema hivyo simkosei mtu heshima.

Sasa niwaeleze jambo la Koko, maana bila hilo hamtanielewa. Koko hakuhesabu watu. Viazi alihesabu, mayai alihesabu, hata chupa za maji alihesabu, lakini watu hapana. Na kama akilazimishwa kusema ana watoto wangapi, aliacha mmoja.

"Lufu iko na masikio," aliniambia. Lufu kwa Kiswahili chake ni kifo. "Ukitaja bote, umeifungulia mulango. Bakisha mumoja."

Anayebakishwa ni yule unayemwogopea zaidi. Koko alikuwa na watoto wanne hai: Yohana aliyebaki Uvira, Nyota aliyeolewa Bujumbura, Faida ambaye ndiye mama yangu, na Bahati. Akiulizwa, alisema watatu. Mara nyingi nilimkalimania kwa daktari, nikimwambia muuguzi kwa sauti ya kitaalamu kwamba bibi yangu ana watoto watatu, huku Mjomba ameketi pembeni amempakatia mkoba wake.

"Miye sijazaliwa bado," alininong'oneza, nami nikajiuma midomo nisicheke.

Kichekesho hicho kilikuwa na historia yake. Walipofika kambini Tanzania, karani wa wakimbizi alimuuliza Koko idadi ya watoto, naye akabakisha kama kawaida. Bahati hakuandikwa. Familia ilipopata ndege ya Australia, yeye alibaki kambini miaka miwili zaidi akishughulikia faili lake mwenyewe. Mtu mwingine angeacha mila hiyo siku ile ile. Koko aliona kinyume. Familia zilizopanga foleni pamoja naye zikataja wote, alisema, nusu yao walizikwa kwa kipindupindu, lakini Bahati wake alifika mzima, tena amenona mashavu.

Kwa hiyo korona ilipokuja, Koko hakuwa na shaka imeletwa na nini. Kila siku saa tano asubuhi wakubwa walisimama mbele ya vipaza sauti wakasoma wagonjwa wa jana ni wangapi na waliokufa ni wangapi. Koko alichukua rimoti akazima sauti.

"Banahesabu bantu kila siku," alisema, "halafu banashangaa bantu banakufa."

Mimi nilikuwa mtoto mwenye macho. Niliona kwamba walihesabu jana, na leo hesabu imekuwa kubwa zaidi. Shuleni walitufundisha kwamba ukweli unathibitishwa kwa kuutazama, nami nilikuwa nimetazama.

Wiki moja hita yetu ilikufa. Wageni walikuwa wamepigwa marufuku majumbani, na Mama alikuwa mkali katika hilo kwa sababu kazini kwake wazee walikuwa wameanza kuugua. Alivaa koti juu ya koti na kusema tutavumilia. Jumapili, Mama akiwa kazini, Koko alimpigia Mjomba simu. Sikumsikia akimwomba chochote. Alimwambia tu kwamba Elia ana mafua na nyumba ni baridi, na mtoto wa Koko yeyote angejua maana yake.

Mjomba aliingia kwa geti la nyuma na baiskeli yake, mfuko wa unga wa muhogo umefungwa kwenye keria. Alifungua hita sakafuni, akapuliza vumbi, akabadilisha waya, akaapa kwa Kifaransa, na ikawaka. Tukanawa kwenye beseni moja, tukala ugali na lengalenga, ule mchicha wa bustani ya Koko, kwenye sahani moja, mikono minne, kama siku zote. Elia alijifuta pua kwenye shati la Mjomba, tukacheka. Alipokuwa akivaa kofia yake ya baiskeli aliniinamia.

"Madame, usimwambie mama yako. Atanigombeza mpaka St Marys."

Mama aliporudi jioni hakuuliza kitu. Aliketi mbele ya hita na sare yake ya kazi, akasinzia pale pale.

Jumatano kipimo cha Mama kilirudi. Alikuwa nayo. Alhamisi alishindwa kuinuka, na mchana simu yake ikalia. Walikuwa watu wa afya, wale waliokuwa wakifuatilia mgonjwa amekutana na nani ili nao waambiwe wakapimwe na wakae ndani. Mama alisikiliza kidogo, sauti ikamkauka, akaninyooshea simu. Mwanamke wa upande wa pili alisema anaweza kutafuta mkalimani wa Kiswahili. Nilimtafsiria Mama, naye akatikisa kichwa kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"No interpreter. Bakalimani ni bantu ba kanisa yetu. Kesho Blacktown muzima itajua."

Yule mwanamke akasita, akaniuliza nina miaka mingapi. Nilimjibu kumi na tatu. Sikuona sababu ya kazi nzuri kama ile kuharibika kwa ajili ya miaka minne.

Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka lakini mpole. Aliuliza Mama alipanda basi gani, alinunua wapi mkate. Nilijibu vizuri. Kisha akasema, "Sasa nitajie kila mtu aliyeingia humo ndani tangu Ijumaa, hata kama alikaa robo saa tu. Usimwache mtu, sawa, darling?"

Nilisikia vidole vyake vikisubiri juu ya kibodi. Nikamtaja Mama. Nikamtaja Koko. Nikajitaja mimi. Kila jina lilifuatwa na mlio mdogo wa kuandikwa. Nilitaka kumbakisha Elia, lakini Elia alikuwa analia miguuni pangu na mwanamke akauliza huyo naye ni nani. Elia akaandikwa.

"Kuna mwingine?"

Koko alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba cha Mama, barakoa imemfika machoni. Kiingereza hakukijua, lakini majina aliyasikia, na alijua kwamba tunahesabiwa. Aliinua kidole kimoja, akakikunja taratibu ndani ya kiganja.

"No," nikasema. "That's everyone."

"Una uhakika?"

"Yes."

Alinishukuru. Aliniambia nimewasaidia watu wengi. Sikumdanganya kwa kuogopa polisi wala faini. Hayo ni mambo ya watu wazima. Nilimficha Mjomba kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu niliamini kwamba ugonjwa ule unasoma orodha. Nilikata simu nikijisikia nimefanya jambo kubwa.

Kuanzia siku ile sisi wa kwenye orodha tulipigiwa simu kila asubuhi. Sanduku lililetwa mlangoni, lenye chakula cha makopo na kile kidude cha kidole. Muuguzi aliuliza namba, nami nikambana Koko kidole na kuisoma. Siku ya nne ya kupigiwa, namba ilishuka. Muuguzi aliniambia niiweke simu karibu na mdomo wa Koko, akasikiliza pumzi zake, na kabla sijamaliza kumvalisha soksi gari la wagonjwa lilikuwa nje. Walimchukua watu waliovaa plastiki mwili mzima. Nilidhani ndiyo mwisho, kwamba nilimtaja na sasa wamekuja. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ile simu ndiyo iliyompa Koko maisha yote aliyoishi baadaye.

Mjomba naye alipiga kila jioni akitoka ghalani. Alijua Mama ni mgonjwa, alijua Koko yuko hospitali. Aliniuliza kama bado wanatupigia. Nikamwambia kila siku, hata Jumapili.

"Miye hakuna mutu ameniita," alisema. "Nchi hii inajua mpaka siku unatoa takataka. Ningekuwa nayo, bangekuwa bameshaniita."

Furaha niliyoipata niliificha kwenye mto. Mbinu ilikuwa inafanya kazi. Sisi tulioandikwa tulikuwa tunakohoa nyumba nzima, na yeye aliyebakishwa alikuwa anapanda baiskeli.

Kisha naye akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la makatoni. Siku iliyofuata alikohoa zaidi, na akaniuliza kwa ile sauti yetu ya mtihani, sauti ya kutania.

"Swali, Madame Directrice. Dereva anakohoa, lakini serikali haijamuita. A, aende test. B, alale, anywe chai ya tangawizi."

"B," nikasema haraka.

"Una uhakika?"

"Hawajakuita, Mjomba. If you go, they'll write you down. Watakuandika."

Alicheka mpaka kikohozi kikamzuia, akaniambia nimefaulu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Mara nyingi nimejaribu kuyarudia maongezi yale nikiwa na akili ya leo, na kila mara yule mtoto anawahi kujibu.

Alhamisi hakupiga. Ijumaa Mama, ambaye sasa aliweza kuketi, alimpigia na simu ikalia bila jibu. Akadhani yuko zamu. Jumamosi mwenye nyumba wake aligonga mlango wa kile chumba, na baada ya kugonga sana akaita polisi.

Wawili walikuja kwetu wakasimama uani, mbali na ngazi. Mama alisimama nyuma ya mlango wa wavu, ameshikilia fremu. Walimwambia kwa upole. Kisha mmoja akauliza kama kaka huyu alikuwa amekutana na mgonjwa yeyote, kama alifika hapa nyumbani.

"No," Mama alisema. "He not come here. Long time."

Nilikuwa nyuma yake, nimemshika Elia mkono. Niliona nywele za kisogo chake zimelowa jasho. Nilidhani hajui, na nilijua ni kazi yangu kusema, nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumbakisha, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuokoa.

Aliyezikwa wakati ule alizikwa na watu kumi. Wengine, pamoja na mjomba Yohana kule Uvira, walilia ndani ya simu iliyoshikwa na mchungaji, na upepo ukala nusu ya sala. Koko hakuambiwa mpaka alipotoka hospitali. Alipoambiwa hakupiga yowe. Aliomba aketi nje kwenye lengalenga yake, ambayo ilikuwa imekauka kwa kukosa maji, na akaanza kuing'oa.

Nilimfuata. Nilimwambia kila kitu, jinsi yule mwanamke alivyouliza mara mbili, na nilivyojibu, na lile swali la A na B. Niliongea kwa kuchanganya Kiingereza na Kiswahili kama nilivyofanya nikiogopa. Nilitaka anichape. Koko aliweka chini mashina yaliyokauka, akaushika uso wangu kwa mikono yenye udongo.

"Haikukuwa mudomo yako," alisema. "Ilikuwa kidole yangu."

Hatukulizungumza tena. Lakini baada ya miezi kadhaa nilimpeleka kwa daktari, na karani mpya akauliza idadi ya watoto. Nikajibu watatu. Kwa mara ya kwanza ulikuwa ukweli mtupu. Koko alinishika mkono, akamgeukia yule karani na kuinua vidole vinne, hakukunja hata kimoja.

"Four," alisema kwa Kiingereza chake.

Tangu hapo hakubakisha tena. Mezani alituhesabu kwa sauti, akitugusa mabega, mimi, Elia, Mama, na kila alipomaliza alitaja Bahati. Nilichukia hesabu ile. Nilikuwa binti wa shule ya sekondari, nikiona aibu mbele ya marafiki, na niliondoka mezani kabla hajafika mwisho. Leo ningelipa chochote nikae mpaka mwisho.

Siku mbili baada ya kukuta kile kidude, mimi na Mama tulikwenda ofisi ya mazishi. Mwanamke wa pale alikuwa na fomu ya kusajili kifo, na fomu hiyo inataka watoto wote wa marehemu, walio hai na waliotangulia. Akauliza walikuwa wangapi. Mama alitazama mapaja yake. Hata leo, mwanamke wa miaka yake, niliona midomo yake inaanza kutengeneza neno watatu.

"Wanne," nikasema, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Nikataja majina, nikaanza na Bahati. Yule mwanamke akauliza kama Bahati yuko hai. Nikamwambia hapana, tulimpoteza wakati wa korona. Mama akaanza kulia bila sauti.

Nikaona kwamba nikiondoka pale bila kusema, sitasema tena. Nilimwomba yule mwanamke dakika moja, naye akatoka kutuletea maji.

"Mama," nikasema. "Ile Jumapili, Mjomba alikuja kwetu. Walipopiga simu sikumtaja. Ni mimi."

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akatazama kile kiti kitupu cha upande wa pili wa meza.

"Nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba iko na joto," alisema. "Ulidhani nilifikiri nani ametengeneza ile hita?"

Nilimtazama. Nilimkumbuka kitandani siku ile, akisikiliza kila jina nililotaja, na kisogo chake kwenye mlango wa wavu.

"Niliogopa kazi yangu," alisema. "Niliogopa bamupige faini. Nilisema moyoni, huyu ni kijana, ana nguvu. Miaka yote nilikuwa naomba usikumbuke."

Mwanamke wa ofisi alirudi na maji, akatusogezea fomu. Mama aliichukua, akavaa miwani, akaandika jina la mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe.